Jembe Hili Haliuzwi: Maandishi, Vitu Vilivyookotwa na Mtazamaji wa Arusha

Msanii wa Tanzania akiweka kitu chakavu mbele ya watazamaji, kiwe tairi, debe, bati au kipande cha mnyororo wa baiskeli, mara nyingi hupokewa kwa pongezi asizozitafuta. Huambiwa kwamba amesaidia kusafisha mazingira, kwamba amegeuza takataka kuwa mali, na kwamba amewafundisha vijana kutotupa vitu ovyo. Fomu za kuomba fedha za maonyesho humtaka aeleze mchango wa kazi yake kwa mazingira, na hotuba za wageni rasmi wanaokuja kufungua maonyesho huegemea hapo hapo. Sina ugomvi na utunzaji wa mazingira, na marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza nchini tarehe 1 Juni 2019 naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini msanii anayetumia maandishi na vitu vilivyookotwa hafanyi kazi ya usafi, na kazi yake ikisomwa kwa jicho hilo, sababu iliyomfanya achague kitu hiki na kuacha kile haitafutwi tena na mtu yeyote.

Nimefanya sanaa ya aina hii hapa Arusha kwa muda wa kutosha kuona jinsi tafsiri hiyo inavyozidi kuota mizizi, na nimeona niandike kwa nini naikataa. Sanaa ninayoizungumzia huitwa sanaa ya dhana. Uzito wake uko kwenye wazo lililosababisha kitu fulani kiwekwe mahali fulani pamoja na maneno fulani, kuliko kwenye ustadi wa mkono uliochonga au kupaka rangi. Msimamo wangu ni kwamba kitu kilichotumika ni shahidi wa kazi na maisha ya mtu, na maneno yanayowekwa pamoja nacho yanapaswa kumpisha shahidi huyo aseme. Kwa hiyo mtazamaji wa kwanza wa kazi kama hizi ni yule anayekijua kitu chenyewe kwa mikono yake. Watazamaji hao tunao tele hapa mjini, ingawa maonyesho yetu mengi huandaliwa kana kwamba hawapo.

Sanaa hii ilianzia mbali na hapa, na haina haja ya kupambwa asili isiyo yake. Mwaka 1917, jijini New York, Marcel Duchamp, msanii mzaliwa wa Ufaransa, alipeleka kwenye maonyesho ya chama cha wasanii huru chombo cha kauri cha kukojolea, kile kinachofungwa ukutani katika vyoo vya wanaume, akiwa amekiandika jina la R. Mutt na kukiita Fountain. Kanuni za maonyesho zilimpa kila msanii aliyelipa ada haki ya kuonyesha kazi yake, lakini waandaaji hawakukubali chombo hicho kionekane. Chenyewe kilipotea. Kilichobaki ni picha iliyopigwa na Alfred Stieglitz, na nakala tunazoziona leo katika makumbusho mbalimbali zilitengenezwa miaka mingi baadaye kwa idhini ya Duchamp. Kabla ya hapo, mwaka 1915, alikuwa amenunua dukani beleshi la kuzolea theluji na kuliandika maneno yanayotaja mkono utakaovunjika. Alipokuja kulizungumzia mwaka 1961, alisema kwamba maneno kama hayo hayakukusudiwa kukieleza kitu kwa namna jina la picha linavyoieleza picha. Yalikusudiwa kuipeleka akili ya mtazamaji mahali pengine, kwenye eneo la lugha. Alisema pia kwamba vitu vyake alivichagua bila kuvutiwa wala kuchukizwa na sura zake.

Katika maelezo hayo mna mambo mawili, na kwangu hayana uzito sawa. Hilo la maneno kutokieleza kitu nalikubali, na nitalirudia. Lile la kuchagua bila kuguswa siwezi kulifuata, na sababu yake iko kwenye vitu vyenyewe. Chombo cha Duchamp kilitoka dukani kikiwa kipya, na beleshi lake vilevile. Hakuna aliyekuwa amevitumia, hakuna jasho wala alama ya mtu iliyobaki juu yake, na kwa sababu hiyo msanii aliweza kuvitazama kwa macho makavu. Vitu ninavyovipata mimi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wa Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha, vimeshapita kwenye mikono ya watu kwa miaka mingi kabla ya kunifikia. Kutoguswa navyo kungekuwa ni kujilazimisha kutoona kilicho mbele ya macho. Wapo wenzetu wanaofundisha kwamba kitu kikuukuu cha Afrika na bidhaa mpya ya duka la New York ni jambo moja kwa sababu vyote viwili havikutengenezwa na msanii mwenyewe. Naona mafundisho hayo yana kasoro kubwa, kwa kuwa yanaipa kipaumbele hali ya msanii na kuisahau historia ya kitu.

Kuhusu maneno, wanawake wa pwani yetu wametuachia shule kamili. Kanga ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani ule mstari wa maneno ulioandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Chukua kanga yenye michoro ya korosho iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Korosho haizungumzii tamaa, wala maneno hayazungumzii korosho. Mchoro na andiko vimewekwa jirani bila kimoja kumtumikia mwenzake, na maana kamili hupatikana pale kanga inapovaliwa na mtu fulani, ikapita mbele ya mtu mwingine fulani ambaye ana sababu ya kujiuliza kama ameambiwa yeye. Hapo kuna kitu, kuna maneno, kuna mahali na kuna mtazamaji anayelazimika kufanya kazi ya kuunganisha. Joseph Kosuth, Mmarekani, alipoweka mwaka 1965 kiti, picha ya kiti hicho na maana ya kiti iliyonukuliwa kutoka kwenye kamusi, alitusaidia kuona kwamba kitu, sura yake na maneno yake ni mambo matatu tofauti. Ni kazi muhimu, lakini mimi huiona baridi, kwa sababu maneno yake yanakieleza kiti na hakuna mtu anayeambiwa lolote. Mvaa kanga ana wa kumwambia.

Nitaieleza kazi yangu moja kwa kirefu, maana hoja hizi zikibaki hewani hazimsaidii msomaji.

Kwenye rundo la chuma chakavu, kati ya springi za gari na vipande vya nondo, nilikuta bapa la jembe lisilo na mpini. Lilikuwa limelika hadi likabakia nusu ya urefu wake au pungufu. Makali yalikuwa ya mviringo, na kona moja ilikuwa imekwisha zaidi ya nyingine, hata ukiliegemeza ukutani linakaa upande. Chapa ya kiwanda ilikuwa imefutika isipokuwa ukingo wake wa juu. Ndani ya tundu la mpini mlikuwa bado na kipande cha raba ya tairi, kilichokatwa kwa kisu na kugongomelewa ili mpini usichomoke. Mtu aliyekata raba ile alikuwa ameipunguza upande mmoja ikawa nyembamba, ikaingia barabara, na alama za kisu zilionekana bado. Nililiomba, likapimwa kwenye mizani ya kuning'iniza kwa bei ile ile ya kilo inayotumika kwa chuma kingine chochote.

Mizani ile ndiyo iliyonipa kazi yenyewe. Kwenye biashara ya chuma chakavu thamani ni uzito, na jembe hupungua uzito kadiri linavyolima. Kila msimu wa masika udongo huondoka na chembe za chuma. Jembe lililomlisha mtu kwa miaka mingi hulipwa kidogo kuliko lile lililokaa ghalani bila kushikwa, kwa hiyo kazi yote iliyofanywa huonekana kwenye mizani kama upungufu. Siulaumu upande wa mnunuzi, kwa kuwa tanuru halijui historia ya chuma na yeye analipwa na tanuru. Lakini nilitaka jembe lile liwekwe mahali ambapo upungufu wake utasomeka kama kumbukumbu ya kazi, na nilihitaji maneno yatakayoliweka kwenye hali hiyo bila kuimba sifa za mkulima. Sifa za mkulima zimeimbwa sana katika nchi hii, na katika mji huu hasa, ambao jina lake lilipata kujulikana duniani mwaka 1967 kwa sababu ya andiko la siasa, Azimio la Arusha, lililotaka ardhi na jasho la mkulima viwe msingi wa maendeleo. Kuongeza sifa nyingine chini ya jembe kungelifunika jembe lenyewe.

Maneno niliyoyachagua yako kwenye kuta za mji wetu. Kila mkazi wa Arusha na Moshi ameyaona: NYUMBA HII HAIUZWI, KIWANJA HIKI HAKIUZWI, na mara nyingi chini yake OGOPA MATAPELI. Huandikwa kwa rangi ya mafuta, kwa herufi kubwa, mahali ambapo mpita njia hawezi kukosa kuziona. Hakuna mtu anayeandika hivyo kwenye nyumba isiyo na mgogoro. Nyuma ya maneno hayo kuna ndugu aliyejaribu kuuza kwa siri, au mirathi isiyomalizika, au dalali aliyemleta mnunuzi wakati mwenye nyumba yuko safarini. Andiko linasema kwa utulivu kwamba kitu hakiuzwi, na papo hapo linamjulisha msomaji kwamba kuna anayejaribu kukiuza. Nalihesabu kuwa miongoni mwa maandishi mazito zaidi yanayopatikana hadharani katika miji yetu, nalo limeandikwa na watu wasiojiita wasanii.

Nilimwendea mchora mabango, fundi wa siku nyingi anayeandika majina ya maduka na saluni, nikamwomba aandike kwenye ubao uliopakwa rangi nyeupe maneno JEMBE HILI HALIUZWI. Aliniuliza kama nataka herufi za kawaida au za kivuli. Nilimjibu kwamba nataka vile vile anavyoandika kwenye ukuta wa mtu mwenye kesi ya nyumba. Alinyoosha uzi uliopakwa chaki, akaupiga, mstari ukatokea, akaanza kuandika kuanzia herufi ya katikati ya kila neno kwenda pembeni ili nafasi zitoshe. Herufi zake hazina madoido. Ubao ule ulitundikwa ukutani kwa urefu wa macho, na jembe likawekwa chini yake juu ya sakafu, likiegemea kwa ule upande wake ulioisha.

Sikuandika kitu kingine ila mistari michache ya kueleza kwamba jembe lilinunuliwa kama chuma chakavu Unga Limited, kwa kilo, likiwa halina mpini. Kwa kuandika hivyo nilimwachia mtazamaji mgongano ulio wazi: jembe lisilouzwa lilikuwa tayari limeshauzwa, tena na mtu asiyejulikana, kwa mnunuzi asiyelihitaji kwa kulimia. Mgongano huo ndio wazo la kazi nzima. Sikuona haja ya kuutatua.

Mama mmoja mtu mzima alisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko wageni wengine wote wa siku ile. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuza kichwa, akainama, akaangalia kona ile iliyolika. "Mwanangu, mwenye hili alikuwa anashika kwa kushoto," alisema. Kisha akaangalia ubao, akauliza, "Na shamba lenyewe nani kaliuza?" Sikuwa nimeandika neno shamba mahali popote. Alilifikia kwa kusoma chuma kwanza na maneno baadaye, akitumia ujuzi ambao hakuna chuo cha sanaa kinachoufundisha, na alilifikia kwa haraka kuliko nilivyolifikia mimi nilipokuwa natengeneza kazi. Siku hiyo hiyo nilipongezwa na mgeni mwingine, mtu mwema kabisa, kwa kuokoa chuma kisitupwe. Chuma kile kisingetupwa, kingekwenda kuyeyushwa kikawa nondo. Kama shabaha yangu ingekuwa ni matumizi mapya ya malighafi, tanuru lingeifanya kazi hiyo vizuri zaidi yangu.

Kisa cha wageni hao wawili kinanirudisha kwenye suala la maandishi, kwa kuwa naona hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Katika maonyesho kuna maandishi ya namna mbili. Kuna andiko lililo ndani ya kazi, ambalo ni sehemu yake sawa na kitu chenyewe, na kuna andiko linaloizungumzia kazi, kama maelezo ya msanii yanayobandikwa pembeni. La kwanza hupungua kila la pili linapoongezeka. Nikibandika ukurasa mzima unaosema kwamba jembe ni ishara ya mkulima, kwamba ubao ni ishara ya upotevu wa ardhi, na kwamba msanii anakusudia kuibua mjadala kuhusu haki, basi yule mama hana tena cha kuuliza, na swali lake lilikuwa na thamani kuliko maelezo yangu yote. Nimesoma maelezo ya wasanii, yakiwemo ya watu ninaowaheshimu, ambayo yangeweza kuhamishwa kutoka kazi moja kwenda nyingine bila mtu kugundua. Maneno kama "kuibua mjadala" na "kupaza sauti" yamekuwa mepesi mno. Ningependa nafasi ile ya pembeni itumike kwa jambo moja ambalo mtazamaji hawezi kulipata kwa macho: kitu kilikotoka, kilikuwa cha nani kama mwenyewe ameridhia kutajwa, kilifanya kazi gani, na kilimfikiaje msanii.

Mji wetu umewahi kuona utaratibu wa namna hiyo ukitumika kwa jambo zito lisilopimika. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufunga kazi zake mwishoni mwa mwaka 2015, ilikuwa na makao yake hapa Arusha, katika majengo ya Kituo cha Mikutano ya Kimataifa. Mahakamani kitu hakipokelewi kuwa kielelezo kwa sababu kinagusa moyo. Lazima shahidi aeleze kilikopatikana, kilikuwa mikononi mwa nani, na kilifikaje pale mezani, na baada ya hapo ndipo kinapewa namba na kuruhusiwa kusema. Mahakama hiyo hiyo, Desemba 2003, iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio na gazeti lililochochea mauaji, na kwa hukumu ile dunia ikakumbushwa kutokea mji huu kwamba maneno ni matendo. Sanaa si mahakama, na singethubutu kuliweka jembe langu kwenye mizani moja na vielelezo vya mauaji ya kimbari. Ninachojifunza hapo ni adabu ya kukiuliza kitu historia yake kabla ya kukipa maana, na uangalifu kwa msanii anayeandika neno ukutani na kudhani kwamba ameandika tu.

Wasanii wa Afrika waliofika mbali katika njia hii wameishika adabu hiyo. Romuald Hazoumè wa Benin, katika kazi yake La Bouche du Roi aliyoifanya kati ya 1997 na 2005, alipanga barakoa 304 zilizotokana na madumu ya petroli kwa kufuata mchoro wa karne ya 18 unaoonyesha jinsi watumwa walivyopakiwa ndani ya meli ya Brookes. Madumu hayo ni yale yanayobebwa kwa pikipiki na wasafirishaji wa petroli ya magendo kutoka Nigeria kuingia Benin, na kabla ya kubebwa hupashwa moto yatanuke yaingize mafuta mengi zaidi, hata plastiki inakuwa nyembamba na kuhatarisha maisha ya mbebaji. Asiyejua habari ya kutanuliwa kwa moto atayaona madumu tu. Anayeijua huona miili iliyolazimishwa kubeba kuliko uwezo wake, jana na leo, na msanii hakulazimika kuongeza chochote. Makumbusho ya Uingereza yaliinunua kazi hiyo mwaka 2007. Vivyo hivyo kwa Cristóvão Canhavato wa Msumbiji, ajulikanaye kama Kester, ambaye mwaka 2001 alitengeneza kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1992. Chini ya mradi ulioanzishwa mwaka 1995 na Baraza la Kikristo la Msumbiji, watu walileta silaha wakapewa vitendea kazi kama majembe, baiskeli na cherehani. Bunduki zilizomo kwenye kiti kile hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika. Ukiujua ukweli huo mmoja, kiti kinakuwa hati ya mashtaka, na anayekisifu kwa ubunifu wa kutumia vyuma vya zamani anakuwa hajakiona.

Adabu hiyo ina upande wa pili, ambao ni kujua kitu cha kuacha. Nimeshauriwa mara nyingi, na marafiki wa Moshi hasa, nitumie masale katika kazi zangu. Ushauri huo naelewa unakotoka. Kwa Wachaga jani la sale huwekwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na kingine, na hupelekwa na mkosaji kwa aliyemkosea kama ombi la msamaha ambalo si rahisi kulikataa. Hapo una kitu cha kawaida kutoka bustanini, kisichochongwa wala kupakwa rangi, ambacho kikikabidhiwa kwa mkono wa mtu fulani mbele ya mashahidi kinakuwa kauli nzito kuliko barua. Kila sifa ya sanaa ya dhana imo. Lakini sale bado liko kazini. Kuna familia zitakazolihitaji mwezi huu kwa ugomvi wa kweli, na nikilifunga kwenye fremu nitakuwa nimelichukua jambo lililo hai na kulifanya pambo. Nimekataa pia kukata kipande cha ukuta wenye alama nyekundu ya X, ile inayowekwa kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara zikisubiri kubomolewa. Ni herufi moja tu, na sijui andiko lenye nguvu kuliko hiyo, lakini mwenye nyumba bado analala ndani. Jembe langu lilikuwa limeshaachwa na wote waliolihusu. Mwenyewe, aliyeliuza, hata mnunuzi aliyekuwa analipeleka tanuruni. Ndiyo sababu nilijiona nina ruhusa ya kulichukua.

Kuna jambo la mahali ambalo watu wa Arusha tunapaswa kulizungumza bila kuwavunjia heshima mafundi wenzetu. Mji huu ni lango la kwenda Ngorongoro na Serengeti, na sehemu kubwa ya soko la sanaa hapa imejengwa juu ya mgeni anayepita akiwa na siku chache na sanduku lenye nafasi ndogo. Wachongaji na wachoraji wanaomuuzia huyo wanasomesha watoto kwa kazi halali, na sanaa yao ina ustadi. Hata hivyo soko hilo limetuzoesha kumwandalia kila kitu mtu ambaye hajawahi kushika jembe, hajawahi kusoma ukuta wa HAIUZWI, na atahitaji kuelezwa kila hatua. Kazi ya maandishi na vitu vilivyookotwa ikiandaliwa kwa ajili yake, maelezo ya pembeni lazima yarefuke, na kwa njia hiyo tunafika tena kwenye lugha ya mazingira na takataka, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha inayoeleweka na mtu asiyekijua kitu. Kama kazi hizi zingewekwa kwenye varanda ya ofisi ya kata ambako watu husubiri kusikilizwa migogoro ya ardhi, au kwenye chumba kilicho jirani na soko la Kilombero, zingekutana na wasomaji wake bila mkalimani. Ukumbi mzuri wenye taa nzuri nao una faida zake, na siukatai, ila usiwe mahali pekee.

Baada ya maonyesho yale niliombwa kuiuza kazi. Mwombaji alikuwa mkusanyaji kutoka nje ya nchi, mwenye nia njema na bei nzuri, ambayo ningeifurahia. Nilitafakari maana ya ubao ule ukining'inia sebuleni kwa mtu aliyelipa. Wapo watakaosema kwamba hapo ndipo kazi ingekamilika, kwamba maneno HALIUZWI yangepata ukali wake wa mwisho yakiwa yamenunuliwa. Nimeipima hoja hiyo na sikuiona haina nguvu. Lakini ingemfanya mkulima yule wa mkono wa kushoto auziwe jembe lake mara ya pili, safari hii na mimi, ili hoja yangu ionekane kali. Nilimjibu kwamba nitamwazima kwa mwaka mmoja, na tukaandikiana masharti. Jembe lisisafishwe wala kupakwa mafuta, na kile kipande cha raba kisitolewe kwenye tundu. Maelezo ya pembeni yabaki yale yale machache, kwa Kiswahili, yakitaja chuma chakavu, Unga Limited na kilo. Na kokote kazi itakakowekwa, isiorodheshwe chini ya kichwa cha mazingira. Sharti hilo la mwisho ndilo pekee aliloomba nilifafanue, nami nikamweleza kwa maneno ya yule mama, kwamba swali lililoulizwa mbele ya jembe hili lilikuwa shamba limeuzwa na nani.